Kiti cha Marehemu Nilichokifupisha

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za karakana ya Kizota. Funguo ni tano. Nilizihesabu mara mbili, nikampa msimamizi mpya, naye akazitia mfukoni bila kuzihesabu hata mara moja. Hapo nikajua kwamba kabla sijasahau inabidi nikae chini niandike.

Habari za mapato nitaziruka. Nikiyataja yakaonekana makubwa mtanidai karamu. Yakionekana madogo mtanichangia, na yote mawili yanachosha. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, kazi ya kuzirudishia uhai samani za urithi, kwa sababu ninyi mliobaki na randa na patasi zangu mnadhani ni kazi ya mbao. Mbao ni sehemu ndogo sana. Mbao haibishani.

Nilifika Dodoma nikitoka Tabora na msumeno mmoja na majivuno ya watu wanne. Nilikotoka mninga unakua hadi uani, kwa hiyo nilijiona kama mtu aliyezaliwa fundi. Nikaenda kwa Mzee Kanji, fundi wa Kihindi aliyekuwa na karakana nyuma ya soko, ambaye baba yake na babu yake walitengeneza milango na makaunta ya nusu ya maduka ya mji. Nikamwambia hakuna nisichokijua. Hakubisha. Alinipa kiti cha zamani kilicholegea akaniambia nikifungue chote, nisafishe, kisha nikirudishe kilivyokuwa.

Nilihesabu skrubu zikawa ishirini na nne. Niliporudi kutoka kunywa chai zilikuwa ishirini na tatu. Nilipiga magoti kwenye takataka za randa mpaka adhuhuri, nikizichekecha kwa vidole kama mwanamke anayetoa mawe kwenye mchele. Mzee Kanji alikuwa amekaa mlangoni anasoma gazeti. Alipolimaliza, akatoa skrubu ya ishirini na nne kwenye mfuko wa shati lake.

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ndiyo maana umepiga magoti."

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, pamoja na chenji, wajukuu na mashahidi.

Alinifundisha mengine. Dodoma hewa ni kavu, kwa hiyo kabati likitoka Tanga au Dar msiliguse wiki mbili za kwanza. Liacheni lipumue, likunjamane, lipasuke panapotaka kupasuka, ndipo mtie gundi. Anayewahi anatia gundi kwenye uongo. Bungua akiingia kwenye mguu wa meza, msimtafute kwa macho. Gongeni mguu kwa mpini wa patasi msikilize. Palipoliwa panajibu kama debe. Na msifute kovu lolote kabla ya kumwuliza mwenye mali.

Hilo la makovu nililidharau mara moja. Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliniletea meza ya mama yake yenye alama ya pasi ya mkaa katikati. Niliiranda meza ile ikang'aa kama kipara cha kasisi. Alipokuja akaikagua, akaniuliza alama iko wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimeiondoa bure. Akakaa kwenye rundo la mbao. Kumbe aliyeunguza meza utotoni alikuwa dada yake, na kipigo alikula yeye, na kila Krismasi tangu hapo alikuwa akimpeleka dada yake mbele ya alama ile akamwekea chai juu yake. Nilikuwa nimemfutia ushahidi. Aliniomba kama ninaweza kuirudisha. Niliirudisha. Nilipasha pasi moto nikaweka mahali palepale. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kulipwa kwa kuunguza meza ya mtu.

Mzee Kanji alipofunga karakana nilihamia Kizota, kati ya wachomelea mageti na mashine ya kupasua mbao, mahali ambapo mtu akikunong'oneza siri anainong'oneza kwa kupiga kelele. Hapo ndipo nilipotunga sheria yangu mwenyewe: kitu cha urithi kikifika, hesabu warithi kabla ya kuhesabu miguu. Kabati linaletwa na mrithi mmoja mwenye haraka na machozi. Siku ya kulichukua wanakuja sita, mmoja analitaka zima, wa pili anataka droo, wa tatu anasema aliahidiwa kioo. Kwa hiyo siku ya kwanza nauliza: mko wangapi? Nikishajibiwa, naongea mambo ya mvua na zabibu, kisha nauliza tena. Jibu la pili huwa kubwa kuliko la kwanza.

Watoto fulani waliniletea kitanda cha wazazi wao. Hakuna aliyethubutu kukilalia, hakuna aliyethubutu kukichoma. Nilikifanya benchi la barazani, ubao wa kichwani ukawa egemeo. Wote wanakikalia na hakuna anayelala, isipokuwa mkwe mmoja ambaye hulala hapo kila siku baada ya ugali. Hawamwambii kitu. Mkwe ni mkwe.

Sasa niwaeleze kazi yangu kubwa ya mwisho, maana najua mmesikia maneno, na mliyoyasikia yamepindishwa.

Alikuja bwana mmoja wa Miyuji, Yeremia, mtu wa ofisi, mrefu kama nguzo ya umeme, mwenye simu mbili na adabu nzuri. Alileta kiti cha mikono cha marehemu baba yake kutoka kijiji cha karibu na Mvumi. Mninga mtupu, kikalio cha kamba za ngozi ya ng'ombe zilizosukwa kwa mkono. Baba alikuwa mrefu kama mwanawe, na kiti kilichongwa kwa kipimo chake. Yeremia alinieleza kwamba kwenye ukoo wao kiti cha baba hakikaliwi mpaka wazee wamkalishe mrithi. Baba mkubwa wake, Mzee Hezroni, kaka wa marehemu, ndiye mwenye kukalisha, na mara alikuwa mgonjwa, mara mwaka ulikuwa wa njaa, kiti kikabaki miaka mitatu chini ya shuka. Sasa mzee amepanga kuja Miyuji Jumapili ya tatu kuanzia siku ile.

"Nataka kibaki orijino, fundi," alisema. "King'ae tu. Nikishakalishwa hatakaa mtu tena. Kitawekwa pembeni ya sebule chini ya picha ya mzee, na mke wangu ataweka maua juu."

Nilimwuliza maua ya nini. Akasema ya plastiki. Nikauliza warithi wako wangapi. Yeye peke yake, wa kiume. Nikaongea mambo ya mvua. Nikauliza tena. Yeye, dada zake, na mama, ambaye amemhamishia kwake Miyuji tangu mavuno. Nikamweka mama kwenye hesabu.

Wiki iliyofuata bajaji ilisimama mbele ya karakana, akashuka bibi mfupi mwenye mwavuli, kitenge kipya na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari anakitafuta kiti. Alikipapasa egemeo. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Tabora.

"Mnyamwezi," alisema, kama mtu aliyeokota sindano aliyokuwa akiitafuta. "Basi nimefika kwa mtani. Nipe pa kukaa, lakini pasiwe laini."

Kwa wale ambao hawakukulia na watani: Wagogo na sisi tunataniana tangu misafara ya mababu. Mtani ana ruhusa ya kusema na kutenda msibani mambo ambayo ndugu akiyatenda atafukuzwa, na anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu.

Bibi, mama yake Yeremia, alinieleza shida yake bila kuizungusha. Sebule ya mwanawe ina sofa ambazo mtu akikaa anazama. Yeye nyonga yake mbovu. Akikaa, hainuki.

"Wanahitajika watu wawili kunitoa, mmoja kila mkono," alisema. "Nimezaa watoto saba sikuvutwa namna ile. Juzi walikuwa kazini wote, nikakaa saa nne nzima nikingoja mtu kama mzigo stendi."

Nilimwuliza kwa nini asimwambie mwanawe. Akasema akimwambia atanunua sofa nyingine. Na akisema anataka kiti cha mume wake, watasema mjane anawahi kukalia mahali pa bwana. Kwa hiyo ameamua: Jumapili hiyo, shemeji yake Hezroni akirudi kijijini, atarudi naye. Huko ataishi peke yake, bomba liko mbali, macho ndiyo hayo, lakini kuna kigoda kigumu na ukuta wa kushika. Nilimwuliza kama huko alikuwa akianguka. Alisema alianguka mara moja tu, jambo dogo. Mimi nilihesabu makovu mawili, moja kwenye kiganja na moja juu ya jicho. Nikayahesabu tena. Yalikuwa mawili.

Alichotaka ni kiti kipungue miguu kimfae yeye, na mtu wa kumfungulia njia ya kukikalia. Nilimwambia kukata kiti cha marehemu bila idhini ya mwenyewe ni jambo ambalo sijawahi kulifanya katika kazi yangu.

"Mwenye kiti nani?"

"Marehemu."

"Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Kama kawaida yake. Hakujibu. Miaka yote nilihesabu hiyo kuwa ndiyo."

Mimi ni mtu wa kupatana bei, na napenda kujua ninapopigwa. Nilimwuliza mimi nitapata nini. Akasema nitapata kukaa kwenye kiti cha Mgogo mchana kweupe bila kutozwa hongo, ule ushuru wa njia wa misafara, jambo ambalo babu zangu wote hawakulipata. Nikaona bei imefika. Nikampa uzi, akaingia nyuma ya rundo la mbao, akajipima mwenyewe kutoka chini mpaka nyuma ya goti. Nikamwomba arudie. Nyuzi zote mbili zilikuwa sawa. Kabla ya kuondoka alinifundisha mambo matatu kuhusu marehemu, ambayo mtayaona mbele.

Ninyi mnaokata miguu ya viti, sikilizeni. Usikate mguu mmoja, ukasimamisha, ukaona unacheza, ukakata wa pili. Utafukuzana na mtikisiko mpaka kiti kiwe kibao cha mbuzi. Kiweke juu ya ubao ulionyooka, chukua kipande cha mbao chenye unene unaotaka kuondoa, kizungushe pembeni ya kila mguu huku penseli imelala juu yake. Miguu ya nyuma imeinama, kwa hiyo mstari utainama nao. Fuata mstari, usifuate jicho. Nilikata upana wa vidole vitatu, nikitazama mlango kama mwizi wa mara ya kwanza. Mbao ile ilikuwa bado na harufu. Vipande vinne nilivitia mfukoni. Kamba za ngozi nilizilowesha, nikazivuta, zikakauka zikilia kama ngoma. Nikapaka rangi ya mbao kwenye ncha za miguu ili upya usionekane.

Jumapili nilikipeleka Miyuji mwenyewe, nikakaribishwa chakula. Sebule ilijaa: Yeremia na tai, mkewe na maua yake mkononi, ndugu wachache, bibi amezama kwenye sofa, na Mzee Hezroni, mrefu kuliko wote, fimbo katikati ya magoti. Viatu vyote viliachwa mlangoni kwa heshima ya zulia. Mzee alisali, akasema maneno machache kuhusu mdogo wake, akamwita Yeremia mbele. Kisha akakitazama kiti. Akakitazama muda ambao mtu angechinja na kunyonyoa kuku.

"Fundi, kiti hiki kimepungua."

"Miguu ni minne, mzee. Nimehesabu mara mbili."

"Sijakuuliza idadi."

Aliinama mbele apime kwa fimbo. Nilijua akipima nimekwisha: nitakuwa fundi aliyekata kiti cha marehemu, na habari hiyo ingefika Kizota kabla yangu. Kwa hiyo nilifanya nilichopatana na bibi. Nilipita mbele ya Yeremia, nikageuka, nikakaa.

Nikakohoa mara mbili. Nikautazama mlango kwa kukunja jicho moja. Nikauliza taratibu, "Ng'ombe wameingia wote?"

Mke wa Yeremia alishika mdomo, maua yakaanguka. Sikuwahi kumwona marehemu maishani, lakini bibi alinifundisha vizuri; dada mmoja wa Yeremia alishaanza kuitikia kwamba wameingia. Mzee Hezroni alinikazia macho.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Alifumba macho kama mtu aliyetajiwa bei ya saruji. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, mpaka nikasikia sauti. Alikuwa anacheka, na hakutaka.

"Nani kamwalika huyu msibani?"

Nikamwambia walinialika kwenye chakula tu, msiba nimejiongezea. Na kwamba siondoki mpaka nilipwe, kwa sababu babu zangu walipopita Ugogo na mizigo walitozwa hongo kwa kila kisima, na leo narudisha sehemu ndogo sana ya deni hilo. Mzee akaanza kupatana. Alitaja jogoo. Nikamwuliza kama jogoo ana mkewe. Akataja mbuzi. Nikakohoa mara mbili nikauliza habari za ng'ombe. Ndugu sasa walikuwa wanacheka waziwazi, isipokuwa Yeremia, ambaye alisimama pembeni ya kiti chake cha urithi kama abiria aliyekatiwa tiketi ya siti yenye mtu.

"Mbuzi simtaki," nilisema. "Mrithi akalishwe, ni haki yake. Lakini baada yake, atakayekikalia kila siku awe yule aliyekuwa anamletea marehemu maji alipokaa hapa."

Kicheko kilipungua. Wote walimtazama bibi. Yeye alikuwa anaangalia dari, kwa utulivu, kama mtu anayehesabu mbao zake.

Mzee Hezroni aliniambia nitoke kitini kwanza. Nikatoka. Alimshika Yeremia mabega akamkalisha, akamtamkia jina la ukoo wake, na magoti ya Yeremia yakapanda mpaka karibu na tai. Alikaa hapo kama panzi aliyevaa suti, akijitahidi kuonekana mkuu wa ukoo. Dada zake walikuwa wanatazama sakafu kwa nguvu.

"Umekaa," alisema mzee. "Inuka kabla hujajikunja ukabaki hivyo. Jina ni lako. Kiti hiki hakijakukubali, mpe mama yako."

Yeremia aliinuka. Alimtazama mama yake, akatazama sofa, na nadhani ndipo alipoiona sofa ile kwa mara ya kwanza. Akaita dada yake, wakamshika bibi mmoja kila mkono, wakamvuta. Walipomkalisha kwenye kiti, miguu yake ilining'inia hewani kama ya mtoto kanisani.

Mimi, nihesabuye mara mbili. Siku ya kujipima alikuwa na viatu vyake vya kisigino. Mara zote mbili.

Mzee Hezroni alinisogelea sikioni. "Ulikata vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Ungekata vinne. Shemeji yangu namjua." Akanyoosha kiganja. "Vipande viko wapi?"

Nikasema mfukoni.

"Lete. Mninga wa mdogo wangu hautazurura kwenye suruali ya Mnyamwezi."

Nilimpa vyote vinne. Akavihesabu mara moja tu.

Bibi alikuwa ameshagundua kasoro. Yeremia alimwambia atulie, viatu vitaletwa. Hakutulia. Aliweka viganja kwenye mikono ya kiti, akasukuma, kamba za ngozi zikalia, akateleza mbele mpaka vidole vikagusa zulia. Yeremia alinyoosha mkono, mama akausogeza pembeni kwa mwavuli. Akasimama. Alisimama peke yake, akapumua, akavuka sebule mpaka mlangoni, akavaa viatu, akarudi navyo juu ya zulia la mkwewe, ambaye alifungua mdomo kisha akaokota maua. Bibi akageuka, akakaa. Nyayo zililala chini sawasawa.

Tulikula. Jua lilipoanza kupungua, Mzee Hezroni alichukua fimbo yake na kusema gari la Mvumi linangoja, na Yeremia akaanza kutafuta maneno ya kumwomba mama yake asiondoke.

"Shemeji," bibi alisema kutoka kwenye kiti, "ukifika mwambie jirani yangu Mama Foibe wale kuku niliomwachia aniangalizie, sasa ni wake."